Nyumba Imejaa Magitaa, Bado Natamani Jingine

Mpendwa mshauri Immakulata,

Picha yako gazetini haionyeshi umri, kwa hiyo sijui kama nikuamkie au nisubiri kuamkiwa. Basi pokea shikamoo yangu, na kama nimekuzidi miaka, nirudishie taratibu. Naomba unisaidie mawazo, nami si mtu wa kuomba ovyo, maana nimefundisha fizikia miaka mingi, kwanza Kibondo halafu hapa Kasulu mpaka nilipostaafu, na mwalimu amezoea kuulizwa, hakuzoea kuuliza, lakini jambo hili limenishinda, na mke wangu Ghati amesema kama naona haya kumwambia mchungaji basi niliambie gazeti.

Jambo lenyewe ni magitaa. Ninayo mengi kuliko inavyofaa kwa mtu mmoja mwenye mikono miwili. Lipo lililopasuka tumbo likazibwa kwa bati, nililinunua kwa mwinjilisti wa Munanila. Lipo jekundu la umeme lililobaki baada ya bendi moja kuvunjika. Lipo alilochonga fundi seremala kwa mabaki ya mninga, nyuzi zake ni waya wa breki ya baiskeli, nalo ukiligusa linafoka kama mtu aliyeamshwa. Yapo ukutani pale ilipokuwa picha yetu ya harusi, yapo darini, yapo chini ya kitanda, na mengine mawili nimeyalaza nyuma ya gunia la mahindi, hayo Ghati hayajui, au niseme anayajua ila ananyamaza kwa sasa.

Ghati ni Mkurya, hazunguki katika maneno. Juzi alikuwa anafagia, ufagio ukagonga lile la chini ya kitanda, likalia.

"Mwalimu," akasema, "kuku wangu wanataga, mbuzi wangu wanazaa. Hivi vyako vinafanya nini?"

Nikamwambia, "Vinalia."

"Basi na mimi nitalia, tuwe kwaya." Akaendelea kufagia, halafu akageuka. "Ulisema hutaoa mke wa pili. Ni kweli hukuoa. Umeniletea wake wenza wasiojua hata kupika ugali."

Nilicheka naye, lakini moyoni sikucheka, na hapa ndipo nieleze chanzo, maana bila chanzo utaniona mzee aliyerudia utoto.

Nina rafiki, nitamwita Claude. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, akakulia huku, sasa ni raia, mkulima na mfanyabiashara wa maharage kule Kitanga. Tulikutana Kibondo nilipopangiwa kazi nikiwa kijana, mgeni, sijui Kiha hata neno moja, Jumapili moja nikasikia gitaa nje ya kanisa, nikaenda nikasimama pale mpaka akasema, "Wewe mrefu, kama unaweza kupiga, kaa, kama huwezi, ondoka kwenye mwanga." Nikakaa. Nilikuwa najua mikao mitatu tu ya vidole, na mpaka leo ni hiyo hiyo mitatu, kwa hiyo mimi nilishika rithimu na yeye solo, tukapiga hivyo kwenye harusi na ubatizo na kumaliza misiba, na alasiri nyingi zaidi tulipiga barazani kwake bila sababu yoyote, maharage yakikauka mbele yetu kwenye turubai na Aline, mke wake, akitufukuza kama kuku tukiweka miguu juu ya turubai hilo.

Jinsi alivyopiga, ngoja nieleze. Kidole gumba kilitembea chini kwenye nyuzi nene bila kuchoka, kama mtu anayetwanga, na kidole cha shahada kilikuwa juu kinasimulia habari nyingine kabisa, kinachelewa kidogo, kinawahi kidogo, halafu vinakutana pale ambapo hukutegemea, na wewe msikilizaji unajikuta umevuta pumzi. Wapigaji wengi wanajua kupiga hivyo. Lakini sauti ile ya kwake sijaisikia kwa mwingine.

Mwaka juzi Claude alipatwa na kiharusi. Alipona kinywa, akapona mguu kwa sehemu, anatembea kwa fimbo, lakini mkono wa kushoto, ule wa kubonyeza nyuzi shingoni, haukurudi. Wakati yuko hospitali mvua ilivuja, gitaa lake likaloana likafunguka gundi yote. Nikasema, hili naliweza, nitamtafutia jingine.

Watu hudhani gitaa ni gitaa. Hapana. Uzi peke yake hauna sauti. Ufunge kwenye misumari miwili ukutani uuvute, utasikia mnong'ono tu. Kinachosema ni ubao wa tumboni, na hakuna mbao mbili zilizonyeshewa mvua moja, kwa hiyo hakuna magitaa mawili yenye sauti moja. La kwanza nililompelekea lilikuwa zuri lakini shingo yake nene. Alijaribu. Vidole vilikaa juu ya nyuzi kama vya mtu mwingine, jasho likamtoka, uzi ukatoa mlio mfu. Akacheka, akasema, "Mwalimu, vidole vimestaafu kabla yako." Nikalifunga gitaa kwenye blanketi nikarudi nalo Kasulu, maana niliona kumwachia ni kama kumwachia viatu mtu aliyekatwa mguu. Nikatafuta lenye shingo nyembamba. Nikampelekea, akajaribu, nikarudi nalo. Nikatafuta lenye nyuzi laini za plastiki. Nikampelekea, akajaribu, nikarudi nalo. Nikatafuta dogo la mtoto. Hivyo hivyo. Hapo zamani nilikuwa nakwenda na dagaa au chupa ya mawese, lakini bodaboda hawezi kubeba mimi na gitaa na kikapu, kwa hiyo siku hizi nakwenda na gitaa peke yake.

Na sasa nikuambie lile ambalo Ghati hajui. Si yote niliyompelekea Claude. Mengine niliyanunua kwa sababu nilivuta uzi mmoja mbele ya mwenye mali na nikasikia kitu, kwa mbali sana, kama mtu uliyemwona mgongo sokoni ukadhani unamfahamu, ukaharakisha, alipogeuka si yeye. Nafika nalo nyumbani, nakaa kitandani, napiga mikao yangu mitatu, nasubiri. Halisemi. Naliweka chini ya kitanda, na wiki haijaisha naanza kuuliza tena nani anauza.

Mara ya mwisho nilipokwenda Kitanga nilimkuta Aline uani anapepeta.

"Mwakeye, Mwalimu," akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, shemeji. Mzee yupo?"

"Amelala."

Ndani redio ilikuwa inaimba kwaya, na juu ya redio nilisikia vidole vinagonga mkono wa kiti. Ni tabia yake siku hizi. Mkono wa kulia unagonga gonga mpaka vanishi imebanduka pale, nami huwa siangalii, maana ni kama mkono huo haujapewa taarifa kwamba mwenzake amefariki.

"Na redio?" nikauliza.

"Inamwimbia usingizini." Akaangalia blanketi begani kwangu. "Leo umekuja na nani?"

"Ni jepesi hili. Shingo yake ni kama ya kuku."

"Ungemwacha huyo kuku Kasulu akapumzika." Kisha akaweka ungo chini, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "Mwalimu, safari ijayo usibebe kitu. Njoo mikono mitupu."

Mshauri, nimeishi Buha, huku kwa Waha, maisha yangu yote ya kazi. Hapa hakuna anayekwenda kwa mgonjwa mikono mitupu, hata mtoto atabeba ndizi. Kuniambia hivyo nimeona ni kufungiwa mlango kwa heshima. Niligeuka na gitaa langu, na tangu hapo sijaenda.

Sasa binti yao Nadine, aliyeolewa Tabora, amesema maharage yakishavunwa anakuja kuwachukua wazazi wote wawili wakaishi kwake, karibu na hospitali. Claude anaondoka. Na kule Makere kuna kiongozi wa kwaya, Mkongo, anauza gitaa jeusi ambalo nyuzi zake zimelala karibu kabisa na shingo, ukiligusa tu linaitika, halihitaji nguvu hata kidogo, na nilipolishika nilihisi kwamba hili ndilo. Ameahidi kunitunzia. Ghati amesema likiingia hilo kwa mlango wa mbele, yeye anatoka kwa mlango wa nyuma, na nyumba yetu haina mlango wa nyuma, kwa hiyo sijui anamaanisha nini.

Nilinunue, nimpelekee Claude kabla hajaondoka? Au nitii nisiende tena, nibaki na yale niliyonayo nikiyavuta uzi mmoja mmoja mpaka nife? Nataka kumsikia mara moja tu. Si zaidi ya hapo.

Mwalimu mstaafu, Kasulu

*

Mwalimu,

Marahaba. Picha ile ni ya zamani, nimekuzidi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu umeeleza vizuri mambo ya mbao, nami nilikuwa sijui. Pole kwa rafiki yako. Pole na wewe, maana kumkosa mtu ambaye bado yupo hai, na nauli ya kumfikia unayo, ni maumivu ambayo watu hawayaletei hata rambirambi. Sasa kaa chini nikugombeze.

Mimi ni mzaliwa wa huku, kwa hiyo usinieleze desturi ya kwenda kwa mgonjwa. Ni kweli hatuendi mikono mitupu. Lakini umekaa Buha miaka yote hiyo ukashika nusu ya desturi. Ukipeleka igiseke kwa mtu, kile kikapu chetu chenye kifuniko, unakiacha pale na kilichomo. Siku nyingine kitarudi kwako, na hakirudi kitupu. Mwenye nyumba ataweka chochote, hata viazi vinne. Ndivyo nyumba mbili zinavyoendelea kuitana. Wewe umefanya nini? Umepeleka chakula kwa mgonjwa, ukamfunulia, ukamtazama anashindwa kula, ukafunika, ukarudi nacho kwako. Ukaenda na kingine, ukafanya vile vile. Aline ana nini cha kukurudishia? Hujawahi kumwachia kitu. Hakukufungia mlango, Mwalimu. Alikuwa anakuomba uje wewe.

Na nitakuambia kwa lugha ya kazi yako: umekuwa ukimpelekea Claude mtihani. Kila akisikia pikipiki inazima nje, anajua anakwenda kufeli tena, na msimamizi ni rafiki yake. Mara ya kwanza alicheka ili wewe usilie. Huwezi kumdai mtu kicheko kama kile kila mwezi. Hata mimi ningelala na redio ikiwa wazi.

Unasema ulimhurumia ndiyo maana hukuacha gitaa. Nakubali ulimhurumia. Lakini nani alikuambia kwamba mtu asiyeweza kupiga gitaa hataki kuwa nalo nyumbani? Mama yangu alipopofuka aliendelea kuning'iniza kioo chake pale pale mlangoni, na ole wake aliyekigusa. Hukumuuliza Claude. Ulimwamulia.

Sasa tuje kwenye sauti. Umeizunguka nchi nzima ya Kigoma ukivuta nyuzi za watu. Rudi kwenye barua yako mwenyewe, pale ulipoeleza jinsi alivyopiga. Kidole gumba kinatwanga, cha shahada kinasimulia, kinachelewa, kinawahi. Mwalimu wa fizikia, vidole hivyo ni vya mkono gani?

Ni vya mkono wa kulia. Na mkono wa kulia wa Claude ni mzima. Hauna ganzi, hauna ugonjwa, umebandua vanishi ya kiti. Umeusikia kwa masikio yako, ukaandika kwamba haujapewa taarifa ya msiba. Wewe ndiye hujapewa taarifa, kwamba aliyekufa ni mmoja, na siye uliyekuwa unamsikiliza. Mkono wa kushoto unabonyeza tu. Na kubonyeza, hata kama ni mikao mitatu, kuna mtu Kasulu anayeweza.

Nimewahi kuwaona mabinti wawili wa kwaya wakipiga gitaa moja kwa mzaha, mmoja anabonyeza, mwingine anachapa nyuzi, wamebanana kwenye benchi kama wanaogombea shuka. Haikuwa nzuri sana. Lakini ilikuwa wimbo, na kila mtu aliutambua.

Kwa hiyo sikiliza. Gitaa jeusi la Makere usilinunue. Mpigie simu yule kiongozi wa kwaya leo hii umwambie auze kwa mwingine, wala usiende kumwambia ana kwa ana, maana ukienda utalishika, na ukilishika tutaanza barua hii upya. Katika yale uliyonayo, mwambie Ghati achague moja. Usimsaidie. Akichagua lile lililozibwa bati, liwe hilo. Halafu nendeni nyote wawili, kwa safari hiyo kodini gari au pandeni pikipiki mbili, na mchukue dagaa na mawese kama zamani. Aline amebeba ugonjwa ule kwa muda mrefu, na wewe kila ukifika unauliza "Mzee yupo?" Mpe mwanamke mwenzake wa kuzungumza naye, hasa huyo asiyezunguka katika maneno.

Ukifika, gitaa liegeshe ukutani, likae. Zungumzeni maharage, zungumzeni Tabora, mwache alalamike kuhusu mkwe. Usimpe gitaa mkononi. Wewe ndiye useme, na ukisema useme hivi, "Ndugu yangu, nimepungukiwa mkono wa kulia, naomba wako." Kisha uhamie upande wake wa kushoto, ule uliokufa ganzi, ambako nadhani watu hawakai siku hizi. Laza gitaa kati yenu, shingo yake itakuangukia wewe. Shika mkao wa kwanza. Nyamaza, na usieleze kitu.

Akikataa, usimbembeleze. Kunywa chai yako. Kumsikiliza mtu akikataa nako ni kumsikiliza, na ulisema unataka kumsikia.

Wakati wa kuondoka, gitaa libaki. Amepiga au hakupiga, libaki. Aende nalo Tabora, wajukuu walitoboe, si shauri lako tena. Kitu kitarudi kwako kutoka nyumba ile, sijui nini, na hutakichagua wewe.

Kuhusu tamaa yako ya kununua, sitakudanganya kwamba itaisha. Claude ataondoka, na utaitamani sauti ile ukiwa Kasulu, na utapita sokoni na kuona gitaa limening'inia na mkono utakuwasha. Uache uwashe. Kutamani si ugonjwa, na wewe si mzee aliyerudia utoto. Makosa yako ni kwamba kila ulipoitamani sauti ya mtu ulikimbilia kwa mwenye kuuza mbao. Siku hiyo mpigie simu Tabora. Na yale yaliyobaki ndani, kitanda ni cha Ghati pia, mgawane nafasi kama watu wazima, ukianza kwa kumwonyesha yale mawili ya nyuma ya gunia. Picha ya harusi irudi ukutani kabla hajakuuliza.

Gazeti hili hufika Kasulu limechelewa, na maharage hayasubiri gazeti. Siku utakayolisoma, kesho yake uwe Kitanga. Mtakosea sana mwanzoni, yeye atawahi na wewe utachelewa kubonyeza. Msisimame kuanza upya. Endeleeni hivyo hivyo mpaka mwisho wa wimbo.

Mshauri wako,
Immakulata